Redio inashika Malawi, Njombe haishiki: niliyoyaona nikifundisha mwambao wa Ludewa

Kila zikitoka ajira mpya za walimu na manesi naona watu wanauliza maswali yaleyale, kuna umeme? maji yapo? nyumba ya kupanga shilingi ngapi? Sijawahi kuona mtu anauliza kama redio inashika. Mwaka 2012 wakati napangiwa tarafa ya Mwambao, wilaya ya Ludewa (sasa mkoa wa Njombe), ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wala haikunijia kichwani, maana mtu umekulia mjini redio unaichukulia kama hewa tu, ipo. Sasa naandika haya kwa ajili ya wanaopangiwa huko au sehemu zinazofanana na huko, maana nchi hii ina pembe nyingi za namna hiyo.

Kwanza muelewe pakoje. Ziwa Nyasa liko chini, kama mita 475 hivi kutoka usawa wa bahari, na hapohapo nyuma ya vijiji Milima ya Livingstone inasimama kuvuka mita 2,000. Hakuna tambarare ya kusema upumue, ni ziwa, kipande cha mchanga, nyumba, mihogo, miembe, halafu mlima. Barabara kutoka Ludewa mjini inashuka Lupingu kwa makona yale ambayo kondakta mwenyewe ananyamaza. Ukitaka kwenda vijiji vya kaskazini, Makonde, Kilondo, Lumbila huko, wakati ule ilikuwa ni boti, au usubiri meli, au miguu yako. Na meli ya kipindi kile ukisikia itapita Alhamisi usifunge mzigo, fua nguo zako kwanza.

Mimi nilishuka na sabufa. Ndiyo, sabufa yenye redio ya FM na sehemu ya kuchomeka flashi, nilinunua Makambako kwa 65,000 nikaibeba mapajani safari nzima. Nikaunganisha kwenye betri ya sola ya mwalimu mwenzangu, nikabonyeza itafute stesheni zenyewe. Ikatafuta ikatafuta, ikakamata nne. Zote Malawi! Kichewa, Kitumbuka, na Kiingereza cha taarifa ya habari. Stesheni ya Tanzania hata moja hamna. Nikadhani sabufa mbovu. Mwenyeji wangu, mzee mmoja Mkisi niliyekuwa nimepanga kwake, akacheka akaniambia mwalimu hiyo ni nzima kabisa, hapa Njombe ni mbali kuliko Malawi.

Kwa ramani Njombe siyo mbali hivyo. Lakini mawimbi ya FM yanakwenda kwa kuonana, mnara na redio yako viwe vinaonana au angalau visizuiwe na kitu kikubwa. Mlima wa mawe wa zaidi ya kilomita moja na nusu juu ya kichwa chako ndo kitu kikubwa chenyewe. Upande wa pili hakuna kizuizi, ni maji matupu, siku hewa ikiwa safi unaiona milima ya Malawi kwa macho, na wenzetu wana nyanda za juu kama Livingstonia na Nyika ambako mnara ukisimama unatuangalia sisi moja kwa moja. Kwa hiyo pointi ya kwanza kabisa, usipime kwa kilomita. Ukipangiwa sehemu, uliza mlima uko upande gani na mnara uko upande gani. Na ukiambiwa kijiji cha jirani redio inashika, hiyo siyo habari yako, kijiji cha jirani kinaweza kuwa kwenye pua ya mlima wewe uko kwenye kwapa.

Sasa ukiishi hivyo mwaka mzima unagundua vitu. Watoto wa darasa la tatu walikuwa wanaijua Big Bullets, timu ya mpira ya Malawi, vizuri kuliko Azam au Mtibwa. Simba na Yanga wanazijua, hiyo hata ukienda mwezini utakuta watu wamegawanyika, lakini matokeo yalikuwa yanafika na boti, na aliyeshuka kwenye boti akiwa ni Simba basi matokeo yanakuja yamechuja. Rais wa Malawi Bingu wa Mutharika alipofariki Aprili ile, kijijini kwetu lilikuwa jambo kubwa kama msiba wa jirani. Alifariki tarehe 5, serikali yao ikathibitisha tarehe 7, na siku zote mbili katikati wazee walikuwa wamekaa na redio chini ya mwembe wanabishana kafa hajafa. Wakati huohuo mkoa wa Njombe ulikuwa umeshatangazwa rasmi mwezi wa tatu, umemegwa kutoka Iringa, na sisi bado tunaandika Iringa kwenye barua.

Halafu ikaja mambo ya mpaka. Mnakumbuka 2012, Malawi walikuwa wametoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani na maneno yakawa makali mwezi wa saba na wa nane. Malawi wanasema mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 unaweka mpaka ufukweni kwetu, yaani ziwa lote lao, Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Hadithi yenyewe siyo mpya, Kamuzu Banda alishaianza miaka ya 1960 na wazee wanaikumbuka. Ila fikiria wewe ndo unakaa kwenye huo ufukwe unaogombewa, na redio pekee inayokufikia ni ya upande wa pili! Dar watu wanasoma magazeti, wanasikia bungeni kumesemwa nini, sisi tunasikia upande mmoja tu, tena kwa lugha ambayo nusu ya walimu hatuijui, tunatafsiriwa na wavuvi. Kila mvuvi na tafsiri yake. Kuna siku watu walifungasha wakaanza kupandisha watoto mlimani kwa sababu mtu mmoja alisikia neno moja la taarifa akamalizia mwenyewe, na kina mama wengine walikaa huko juu mpaka waliposhikwa na baridi wakarudi. Hiyo hofu sijawahi kuisahau, siyo kwamba vita ilikuwepo, haikuwepo, ila hukuwa na pa kuuliza.

Na mwezi huohuo sensa, tarehe 26 Agosti. Niliteuliwa karani. Huku kwingine nchini matangazo yalipigwa miezi, wimbo wa sensa watu wameukariri. Kwetu nilikuwa naanza moja kila nyumba, sensa ni nini, kwa nini unauliza mbuzi, ni kodi? Bibi mmoja akaniuliza mwanangu mnatuhesabu wa huku au wa kule. Nilikosa cha kumjibu haraka. Kazi ambayo mwenzangu wa Ludewa mjini alifanya kwa dakika kumi kila kaya, mimi nusu saa haitoshi, na posho ni ileile. Kwa hiyo ukipewa kazi yoyote ya serikali ya kuzunguka nyumba kwa nyumba sehemu isiyo na redio, chanjo, sensa, uandikishaji wa wapiga kura, omba siku za ziada za kutangaza kwanza, kwa mdomo, kanisani, kwenye mnada, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Usianze kazi siku ya kwanza.

La mgomo ndo huwa nawachekesha nalo watu. Chama cha walimu kiliitisha mgomo kuanzia tarehe 30 Julai mwaka uleule, nchi nzima gumzo, siku chache baadaye mahakama ikausimamisha. Sisi tulifundisha hisabati na kupiga paredi kama kawaida. Habari za kwamba tulitakiwa kugoma, na habari za kwamba tulitakiwa tuache kugoma, zilifika pamoja kwenye boti moja.

Lakini kuna isiyochekesha. Mama yangu mdogo, aliyenilea, alifariki nikiwa huko. Nyumbani walifanya kile ambacho familia zetu zimefanya tangu enzi za Radio Tanzania, walilipia tangazo la kifo redioni, jina langu likasomwa, "popote alipo apate taarifa hizi". Kwao walikuwa wamemaliza, mtu katangazwa redio ya taifa atakosaje kusikia? Wakanisubiri siku moja ya ziada, wakazika. Mimi nilipata habari baada ya arobaini kukaribia, kwa muuza duka wa Lupingu aliyepigiwa simu na binamu yangu. Mjomba mpaka leo kuna namna ananiangalia. Hilo ndo linanifanya niseme hivi kwa msisitizo, kabla hujashuka kaa na ndugu zako uwaambie kwa kinywa chako kwamba huko redio haifiki na simu haifiki, wasitegemee tangazo. Waachie namba za watu watatu wenye miguu, mwenye duka la mwisho penye mtandao, nahodha wa boti, na mtendaji wa kata. Nawe mlipe huyo mwenye duka kitu kidogo kila ukipita, sukari, vocha, asikuone mzigo. Mimi baadaye nilikuwa namwachia elfu tano kila mwezi na ujumbe ulikuwa unafika siku hiyohiyo ama kesho yake kwa boti.

Haya, redio yenyewe. Aliyenifungua macho ni yule mzee mwenye nyumba. Alikuwa na National ya zamani ya bendi tatu, imefungwa na mpira wa baiskeli, na kila jioni anaitoa nje anaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. FM hagusi. Anaenda MW, yaani masafa ya kati, na SW, masafa mafupi. Saa mbili usiku pale mwambaoni nikasikia Kiswahili kisafi kabisa, Radio Free Africa kutoka Mwanza kwenye 1377 ya MW! Mchana ukijaribu hapohapo ni mbu tu wanalia. Akaniambia subiri jua lizame. Sababu ni kwamba mchana kuna tabaka la chini la anga linameza mawimbi ya masafa ya kati, usiku linatoweka, mawimbi yanagonga tabaka la juu yanarudi chini mbali sana, yanaruka milima na kila kitu. Masafa mafupi yao wana uwezo huo hata mchana. Ndo maana nilikuwa namsikia Zanzibar kwenye 11735 ya SW jioni, taarab imetulia, nimekaa kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, na DW Kiswahili ya Ujerumani iliyokuwa na mitambo yake ya kurushia pale Kigali, na BBC, wote hao, halafu mtu wa Ludewa mjini nyuma ya mlima simsikii.

Sabufa niliiuza kwa hasara, 30,000, mwenye kibanda cha video akaichukua. Nikaagiza redio ya bendi nyingi 38,000 na hapo nikaanza kujifunza vitu ambavyo hakuna anayekwambia dukani.

Ile antena ya kuvuta inasaidia FM na SW tu. Ya MW iko ndani, kifimbo cheusi kimeviringishwa waya, na kina mwelekeo, kwa hiyo ukitafuta stesheni ya MW zungusha redio yenyewe taratibu kama unaangalia dira, usihangaike na antena. Watu walikuwa wanavuta antena mpaka inakatika, stesheni haiji, mtu anaipiga kofi redio ya watu.

Kwa SW tafuta waya, mita kumi hivi zinatosha. Mimi nilipata waya wa shaba uliotolewa kwenye mota iliyoungua, nikafunga jiwe nikarusha kwenye mwembe, ncha ya chini nikaimenya nikaiviringisha kwenye antena ya redio. Tofauti utaiona mwenyewe. Ila mawingu yakianza kujikusanya juu ya mlima toa waya kwenye redio na uutoe nje ya nyumba, usiache kwa sababu taarifa ya habari imebaki dakika mbili. Radi za mwambao siyo za kujaribia, na mwembe mrefu wenye waya wa shaba unaoingia dirishani kwako ni mwaliko.

Kingine kilichonisumbua miezi ni kelele. Redio inanguruma usiku tu, na ndo muda wa kusikiliza. Nikabadilisha betri, nikabadilisha waya, wapi. Kumbe ni sola. Zile chaja kontrola za bei chee, inveta, na baadhi ya taa za LED zinatoa makelele kwenye MW na SW kuliko maelezo, na jirani naye ana yake. Dawa ni kusikilizia kwa betri kavu, mbali na nyumba, hatua thelathini arobaini. Nilipofanya hivyo ndo nikaelewa kwa nini mzee anatoa redio yake nje kwenye kinu, mie nilidhani anapunga upepo.

Simu nayo ina mtego wake. Palikuwa na jiwe moja kubwa upande wa kusini wa kijiji, ukisimama juu yake mtandao unapatikana, watu wanapanga foleni. Lakini mara nyingi mtandao unaoingia ni wa Malawi, simu inahamia yenyewe, ukipokea tu salio linakwenda. Nenda kwenye mipangilio uchague mtandao kwa mkono. Na saa! Malawi wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo simu inayojirekebisha yenyewe inakupeleka saa za Malawi bila kukuaga. Mwalimu mwenzetu wa zamu alifika shule watoto wameshakaa darasani kipindi cha pili, anaapa ni saa moja na nusu na simu anaonyesha. Kipindi cha mtihani wa darasa la saba tulikubaliana wote tunafuata saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, iliyowekwa sawa kwa ile milio ya kutangaza saa ya redio ya usiku. Zima hiyo saa ya kujirekebisha mapema.

Wavuvi ndo wanaoumia zaidi kwa maoni yangu, kuliko sisi tuliokuwa tunalilia taarifa ya habari. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari za upepo, lakini tahadhari isiyofika ufukweni haimsaidii mtu mwenye mtumbwi na karabai anayekwenda kuvua dagaa usiku. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane ule upepo wa kusini, mwera, unaamka ghafla na ziwa linageuka. Wazee wanasoma wingu na rangi ya maji na mara nyingi wako sahihi, mara nyingi. Mgeni usipande boti asubuhi kwa sababu tu maji yametulia. Muulize mvuvi ambaye hakulipi nauli, siyo mwenye boti.

Tangu niondoke mambo yamebadilika kiasi. Minara ya simu imeongezeka, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukilipia minara sehemu ambazo makampuni yalikuwa hayaoni faida, na pale ambapo intaneti inafika mtu anasikiliza redio kwenye simu. Sasa hapa muwe makini, hiyo inakula bando, na mnara ukikosa umeme siku tatu mvua ikinyesha mnarudi enzi zetu. Nako SW kumepungua, DW walifunga mitambo ya Kigali 2015 na wengi wamepunguza matangazo ya masafa mafupi, kwa hiyo usitumie hela nyingi kununua redio ya SW ya kifahari ukidhani utapata nilivyokuwa napata mimi. Nunua ya kawaida ila hakikisha ina MW, maana nyingi za siku hizi zenye memori kadi na tochi ni FM tupu hata kama zina vitufe ishirini.

Kitu ambacho leo ningefanya kwanza ni dishi. Dishi linaangalia juu angani, mlima haulizuii kama unavyozuia FM, na ving'amuzi vingi vinaleta chaneli za redio humohumo pamoja na televisheni. Walimu watatu mkichanga mnapata, na jioni wanakijiji wanakuja kusikiliza habari, muwaruhusu, usifunge mlango, maana hao ndo watakaokubebea mgonjwa usiku. Ila asitokee kijana mjuaji akawashauri mnunue kimtambo kidogo cha FM mrushe kijiji kizima kutoka kwenye king'amuzi. Wazo zuri, nimeona linajadiliwa kwenye kikao na watu wakapiga makofi, lakini bila leseni ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, mtaitwa mjieleze na mitambo itachukuliwa. Spika ya kanisa au ya shule inatosha, weka taarifa ya saa mbili, zima, watu wakalale.

Betri kavu nunua Ludewa kabla ya kushuka, katoni nzima kama mfuko unaruhusu. Ufukweni zinauzwa karibu mara mbili na nyingine zimeshakaa kwenye unyevu mpaka zinatoa maji, zikivujia ndani ya redio zinakula vile visahani vya chuma na fundi wa kukutengenezea yuko huko juu ulikotoka.